Usimwitikie Mume Wangu Akipiga Hodi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Tangu nianze kusema sijawahi kukuamkia nikiomba usiitike, lakini leo ndivyo ninavyoomba.

Usidhani nina hasira. Nina furaha, Baba, furaha ambayo kifua changu hakiitoshi! Nimeolewa. Hina ya nyayoni imekwisha kufutika, ya kuchani bado ipo, na kila nikiiona nikiwa nachagua mchele nacheka peke yangu, hadi Mama ananiuliza kama nimeingiwa na wazimu. Mume wangu anaitwa Hemedi. Ni seremala, mtoto wa Kongowe ya Kibaha, mrefu, mwenye masikio madogo kama ya mtoto na mikono mikubwa kama majembe. Akiniita jina langu nasahau nilichokuwa nakifanya. Juzi niliunguza maharage mara mbili kwa siku moja.

Hukuwahi kumwona ulipokuwa hai. Lakini yeye anasema mnafahamiana sana, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila siku baada ya alasiri anaingia peke yake kwenye ghala lako la kukwea, anauelekea ukuta, anapiga hodi. Na wewe, uliyezikwa miaka miwili iliyopita, unamjibu. Naye akishajibiwa anakwea.

Usimjibu tena, Baba. Ukiendelea kumjibu utaniulia mume.

Naiandika barua hii wazi, wala siifungi, ili hata wale wenzako wa ghalani waisome wakitaka. Kwa hiyo niruhusu nieleze na mambo unayoyajua.

Wewe ulikuwa mkwezi wa minazi hapa Marui kabla sijazaliwa. Kisha ukapata kazi ya kutunza viwanja vya shule kule Kibaha, ukakutana na yule mwalimu kijana wa Kizungu ambaye likizo zake zote alizimalizia juu ya majabali. Ulimfundisha kukwea mnazi kwa kamba ya miguuni. Yeye akakufundisha mchezo wa kwao: kukwea jiwe fupi, bila kamba, chini umetandika kitu laini, unarudia mahali pagumu mara ishirini mpaka mwili ukubali. Uliporudi likizo ulituonyesha kwenye ukuta wa jikoni. Mama alikufukuza kwa mwiko kwa sababu udongo ulibanduka ukaingia kwenye mchuzi.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nawe umekwisharudi moja kwa moja, nyumba zikiwa bado hazijaezekwa, shamba la minazi likawa la wote na wakwezi hawakutosha. Vijana waliokuwa hawajawahi kushika mnazi wakapandishwa wakati wa mvua, magome yakiteleza. Wa kwanza alivunjika nyonga. Wa pili hakuamka. Ulirudi kutoka kumzika ukiwa umekunja kofia mkononi, ukapita moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilikuwa darasa la saba, nilikufuata nyuma.

"Nipe ghala la korosho," ulimwambia.

"La nini? Korosho zenyewe hazipo."

"Ndiyo maana nalitaka. Nifundishe watu kukwea humo ndani, chini chini, wasifike hata kimo cha dari. Wakianguka, waangukie magodoro."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ubavu. "Watu wazima wapande ukuta kama mijusi?"

"Kama mijusi," ulisema. "Umeshamzika mjusi aliyeanguka wewe?"

Ukapewa ghala. Na jina la Mijusi likabaki kwenu.

Nakumbuka kila kitu cha miezi ile. Mlipigilia mbao ukuta mzima, mkazitoboa kwa keekee matundu yaliyopangwa kama madirisha ya sega. Vishikio mlivichonga kwa mti wa mkorosho, vya kushika kwa vidole vitatu, vya kubana kwa kiganja, vingine vya unyayo tu. Sisi watoto wa kike ndio tuliovisugua kwa majani ya msasa mpaka visimchane mtu. Bolti mlizitoa kwenye trekta la kijiji lililokufa. Magodoro yalikuwa magunia yaliyoshindiliwa nyuzi za makumbi. Cha kupaka mikononi isiteleze kwa jasho: udongo mweupe kutoka vilima vya Pugu, uliotwangwa na kuchekechwa. Mlitoa bati moja la paa mkatandika nailoni, mwanga ukawa unashuka katikati ya ghala kama maziwa yaliyomiminwa. Ukaona kwamba watu wamezoea njia moja, ukaanza kuhamisha vishikio kila mwezi mwandamo. Ukaona wazee hawawezi kuning'inia, ukawapa pembe yao yenye vishikio vikubwa. Ukaweka Jumatano kuwa siku ya wanawake, milango ikifungwa.

Jumatano ya kwanza shangazi alisimama mlangoni, ametia mikono kiunoni. "Mwali katolewa ndani juzi, leo anarukaruka ukutani kama kima! Nani atamwoa huyu?"

"Atakayeweza kumfikia," ulimjibu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ulitunga sheria moja tu. Mtu akitaka kukwea, anauelekea ukuta, anapaka udongo mikononi, anasema, "Hodi." Aliye chini, ambaye mlimwita mpokeaji, anatazama magodoro, anayasogeza mahali pake, anainua mikono, ndipo anajibu, "Nipo." Hukupenda ajibu "karibu." Ulisema karibu ni neno la mwenye nyumba aliyekaa na kahawa yake, lakini nipo ni neno la mtu aliyekwisha simama. Ukiambiwa nipo, kuanguka kwako si kwako peke yako tena.

Na ukaongeza jambo ambalo nililiona zuri kuliko yote: anayekwea haruhusiwi kugeuka nyuma. Ukigeuka kuhakikisha, umemtukana mpokeaji wako mbele ya watu. Binamu yangu Zuhura aligeuka siku moja, ukamfungia nje wiki nzima. Alikuja kunililia. Nami nikamwona ana makosa.

Ulikufa kitandani, kwa homa, mvua za masika zikiwa zimeshika. Wakwezi wenzako walishangaa kuliko walivyohuzunika. Nilipewa ruhusa kutoka shule, nikafika umeshazikwa. Sikukuona. Nilikwenda ghalani nikakaa kwenye godoro la pembeni, pale ulipozoea kukaa ukimtazama mtu mgongo, na palikuwa bado pamebonyea umbo lako.

Hemedi alikuja mwaka uliofuata. Vijana wa Kongowe walikuwa wameomba darasa bovu la zamani walifanye kama ghala lenu, wakamtuma seremala wao aje kupima. Alikaa siku tatu akiandika umbali wa tundu na tundu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa kazi ya kumshikia uzi. Siku ya tatu akaomba aone mtu akikwea. Nilivaa ile suruali ya magunia ya unga niliyoshonewa na Mama, nikafunga kanga kiunoni, Zuhura akasimama mlangoni asije mtu akasema neno. Nikasema, "Hodi." Yeye hakujua desturi. Akanyamaza.

"Sema nipo," Zuhura alimwambia.

"Nipo wapi?"

"Hapo hapo ulipo, kaka wa Kibaha! Sema tu, dada asizeeke."

"Nipo," alisema, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Baba, nilikuwa nimekwea ukuta ule mara mia na sijawahi kuanguka kwenye kishikio cha sita. Siku hiyo nilianguka. Alinipokea kwa mabega, kama ulivyokuwa ukifundisha, bila kufundishwa. Zuhura mpaka leo anaapa kwamba nilijiachia makusudi. Sitasema kitu.

Mahari alipokea Baba mdogo Pazi. Alifanya kila kitu kwa heshima. Lakini Hemedi hana wazazi tangu utoto, na jioni ya posa alinitazama kwa macho yaliyolowa, akaniambia, "Ningependa angekuwapo mwenyewe, anikatae au anikubali." Nilimpenda zaidi hapo. Sikujua kama kuna aliyemsikia.

Tuliafikiana tukae kwanza hapa kwa Mama mpaka atakapomaliza ubao mpya ulioinama aliowaahidi Mijusi, kisha twende Kongowe. Wiki ya kwanza ya ndoa alirudi kutoka ghalani uso umemng'aa.

"Ukuta wa leo umekuwa mwepesi," alisema.

"Nani alikupokea?"

"Baba."

"Baba Pazi yuko Mlandizi."

"Baba yako, mke wangu. Nilipiga hodi kwa mazoea tu, nikiwa peke yangu. Akakohoa kidogo, akasema nipo."

Nikacheka. Nikamrushia ganda la muhogo. Nikamwambia waume wote wapya wana maneno. Lakini usiku ule nilijiuliza kikohozi kile kakijua wapi. Sikuwa nimemsimulia mtu kwamba ulikuwa unasafisha koo kabla ya kujibu.

Siku ya tatu nilikuwa nafagia nje, jua bado kali, mlango wa ghala wazi. Nilimwona amesimama peke yake, kanipa mgongo, mikono myeupe. "Hodi." Halafu kikohozi. Halafu, kutoka pembe ile ya godoro lako, chini, karibu na sakafu, neno lako. Halikuwa na mwangwi, Baba. Ghala lile hata chawa akipiga chafya linarudisha sauti, lakini neno lako lilitoka likakaa palepale, kama jiwe lililowekwa kwenye mchanga. Ufagio ulinitoka mkononi. Nilitazama pembeni: godoro, vumbi la udongo mweupe, basi. Na Hemedi alikuwa anakwea, anatabasamu ukutani kama mtu anayetazamwa na anayempenda.

Mijusi nao walisikia. Siku hizi wakija wanakuja kumi kwa mpigo, na mmoja akifungua tu mdomo kusema hodi, wote wanapiga kelele, "Nipo, nipo, nipo!" ili wasije wakasikia jingine. Baba mdogo alimleta mwalimu wa madrasa akasoma dua kwenye pembe nne. Alipomaliza alikunywa chai, akauliza kama hivyo vishikio vikubwa vya wazee vinaweza kubeba mtu wa uzito wake. Vikambeba. Alifurahi sana. Kesho yake ukamjibu Hemedi kama kawaida.

Mimi nilikubali kuishi na jambo hilo, nakiri. Nilianza hata kujisikia fahari. Ni binti gani mwingine mumewe amekubaliwa namna hiyo? Mpaka Jumatatu iliyopita.

Paa lilikuwa limevuja, makumbi yakaanza kunuka uvundo. Asubuhi mimi na Zuhura tuliyatoa magodoro yote, tukayaanika uani nyuma ya ghala. Kisha nikaenda kisimani. Hemedi alitoka shamba, akaingia kutoka kwenye jua kali hadi kwenye kivuli, macho hayajazoea. Aliuelekea ukuta. Akapiga hodi. Ukamjibu.

Ukamjibu, Baba. Nipo. Juu ya saruji tupu.

Hakugeuka, kwa sababu ulikataza kugeuka. Alifika kishikio cha mwisho cha ubao ulioinama, vidole vikamtoka. Nilisikia mshindo nikiwa njiani, ndoo kichwani. Nilimkuta amelala chali, mkono mmoja chini ya mwili, mweupe kwa udongo mpaka kwenye nyusi, kama maiti iliyokwisha tayarishwa. Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyoolewa kweli na mtu huyu. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Alifumbua macho. "Alisema yupo," aliniambia.

Kifundo cha mkono kimeteguka, na kisogo kimevimba kama yai la bata. Mganga wa zahanati alisema kipimo cha kiganja kimoja zaidi na tungekuwa tunazungumza mengine. Nami ndiye niliyeyatoa magodoro. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Lakini kila nikijilaumu nafika kwako. Mimi nilitoa magodoro, ndiyo. Wewe ulisema nipo bila kuyatazama, na kanuni yako ndiyo iliyomzuia yeye kutazama. Ulisema mpokeaji ni mikono. Yako iko wapi?

Na mume wangu hajakoma! Jana, mkono umefungwa kitambaa, alinyanyuka kwenda.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsalimia tu. Siwezi kupanda na mkono huu."

"Na ukipona?"

Alikaza fundo la kitambaa. Kisha akasema, polepole, "Maisha yangu yote sijawahi kupiga hodi kwa baba, akaitika. Unataka niache?"

Ndiyo sababu nakuandikia wewe. Yeye hawezi kuacha. Anayeweza ni wewe.

Najua ninachokuomba. Nitakuambia siri ambayo hata Hemedi haijui: nami nilikwenda. Siku moja, mchana, wiki ya pili, nilifunga mlango nikasimama mbele ya ukuta nikasema hodi. Nilitaka kusikia tu. Ulinijibu. Sikukwea, nilibaki nimeshika kishikio cha kwanza nikilia, bila kugeuka. Kwa hiyo ukinyamaza, Baba, hunyamazi kwa Hemedi peke yake.

Naam. Nimemaliza. Nitaisoma kwa sauti pale kwenye godoro lako, kisha niikunje niitie nyuma ya mbao.

*

Nimeichomoa tena barua ili niongeze haya. Zimepita wiki tano. Kalamu ni nyingine, utaniwia radhi.

Mganga amemfungua mkono. Leo Ijumaa, baada ya sala, Hemedi alitaka kujaribu njia ya wazee, ile fupi. Nilikwenda naye. Nilitandika magodoro mwenyewe, nikayakanyaga moja moja. Nikasimama nyuma yake nikafunga mdomo. Nilitaka kujua kama ulinisikia.

"Hodi," alisema.

Kimya. Nilisikia bati likilia kwa joto.

"Hodi, Baba."

Kimya, Baba. Kimya cha kweli, kile cha nyumba iliyohamwa. Nilikuwa nimekiomba, na kilipokuja nilitaka kukirudisha. Niliona mabega ya mume wangu yakishuka kidogo kidogo. Udongo mweupe ulianza kudondoka kutoka viganjani mwake.

"Amenikataa," aliuambia ukuta.

"Hajakukataa. Nilimwomba mimi anyamaze."

Hapo aligeuka. Sijawahi kumwona na uso ule, na naomba nisiuone tena. "Umemnyamazisha baba yako?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu?"

"Sasa kwa ajili ya nani, Hemedi? Kwa ajili ya trekta?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Tulikaa chini kwenye magunia tukalia wote wawili kama watoto walionyimwa uji, na ni yeye aliyeanza kucheka, kwa sababu udongo ulikuwa umetupaka usoni tukafanana na vinyago. Kisha akainuka. Akatazama magodoro, kona zote. Akanitazama mimi, kwa kituo, kuanzia miguuni nilivyosimama hadi mikononi. Sikutukanika hata kidogo. Nilijisikia nimeposwa mara ya pili.

"Hodi, mke wangu," alisema, akiwa ananitazama bado.

"Nipo."

Akakwea. Nami nikainua mikono kama ulivyotufundisha, macho kwenye mgongo wake, kwa sababu mpokeaji habandui macho.

Alipofika kishikio cha nne, godoro la pembeni yangu lilibonyea. Taratibu, kama mtu mzima anayejishusha kwa kuyaonea huruma magoti yake. Nyuzi za makumbi zililia. Nilihisi ubaridi mdogo upande wa bega la kushoto, na harufu ya udongo mbichi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesema kitu.

Sikugeuka kutazama. Nilikuwa na mtu ukutani.

Kaa hapo, Baba. Kaa kimya hivyo hivyo, lakini kaa.

Ni mimi mwanao,
mke wa Hemedi.